Uyoga wa zizini na uyoga wa msitu wa mipaina: anza na saa, rangi baadaye

Swali: "Mimi ni tabibu wa zahanati, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Msimu huu wa mvua niliwapokea vijana watatu kwa siku mbili. Wawili walikula uyoga mdogo walioukuta kwenye samadi karibu na zizi. Walifika wanacheka, wanalia, mboni zimetanuka, wanasema ukuta unapumua. Wa tatu alikula uyoga mwekundu wenye madoa meupe kutoka msitu wa mipaina. Alipepesuka kama mlevi, akalala fofofo, akashtuka akipiga kelele, akalala tena. Wote walipona. Je, ni sumu moja? Ni kweli kwamba uyoga unaogeuka buluu ukibonyezwa hauui? Wakiletwa wengine nifanye nini? Vijana wenyewe wanasema Ulaya hii ni dawa, na kwamba hata LSD ilitokana na kuvu. Niwajibu nini?"

Jibu:

Tabibu, wagonjwa wako wa zizini na yule wa msituni hawakula sumu moja. Kwa dalili ulizoandika, wawili wa kwanza walipata silosibini. Wa tatu alipata muskimoli pamoja na asidi ya iboteniki. Kemikali hizi hazina udugu wala hazigusi sehemu moja ya ubongo, na dawa inayomtuliza wa kwanza inaweza kumpunguzia pumzi wa tatu ukiitoa bila hesabu. Halafu yuko wa nne, ambaye safari hii hakuletwa, na kwa ajili yake naandika kwa urefu: aliyekula uyoga wenye amatoksini. Huyo haoni maruweruwe yoyote. Anakula mchana, analala salama, usiku wa manane anaanza kuharisha, na siku ya nne ini limekwisha. Kinachowatenganisha watu hawa, kabla ya rangi ya uyoga, ni muda uliopita kati ya kula na dalili ya kwanza. Muda huo uandike juu kabisa ya faili, kabla ya jina lolote la uyoga utakalotajiwa na ndugu.

Nianze na wa zizini. Silosibini hutengenezwa na kuvu kutokana na triptofani, asidi amino ya kawaida iliyomo kwenye mayai na maharage. Mwaka 2017 kundi la Dirk Hoffmeister huko Jena, Ujerumani, lilionyesha kwamba kazi yote inafanywa na vimeng'enya vinne tu, na mmoja wao kazi yake ni kubandika fosfati. Fosfati hiyo ndiyo kifuniko. Ikiwa imebandikwa, molekuli ni imara, inayeyuka kwenye maji, na haiamshi chochote kichwani. Mtu akishameza, vimeng'enya vya utumbo na ini viitwavyo fosfatasi vinaibandua, na kinachobaki kinaitwa silosini. Uzito wa molekuli unashuka kutoka 284 hadi 204, kwa hiyo miligramu 100 za silosibini zinatoa takriban miligramu 72 za silosini. Silosini inafanana mno na serotonini, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe kati ya neva. Inakaa kwenye kipokezi kinachoitwa 5-HT2A katika gamba la ubongo, na hapo ndipo ukuta unapoanza kupumua.

Ndiyo maana mwendo wake unatabirika. Dalili huanza kati ya dakika 20 na 40, hupanda hadi kilele baada ya saa moja au moja na nusu, na mara nyingi zimekwisha ndani ya saa 4 hadi 6. Mboni hutanuka, mapigo na presha hupanda kidogo, kuna kichefuchefu na miayo mingi. Ngozi hubaki na unyevu wake. Mgonjwa huona rangi na mistari inayotembea, hucheka au kushikwa na hofu kubwa, lakini ukimwita jina anaitika, na wengi wanajua kabisa kwamba hali hii imeletwa na uyoga. Picha hii ni ya zamani. Mwaka 1799 mtabibu Everard Brande aliandika habari za familia moja ya London iliyookota uyoga katika bustani ya Green Park na kuupika kwa kifungua kinywa. Mtoto wa miaka 8 alishikwa na kicheko kisichozuilika, mboni zake zikiwa kubwa. Ungeweza kuyabandika maelezo hayo kwenye faili la mmoja wa vijana wako.

Sasa suala la buluu, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Chukua uyoga mmoja wa aina hii ukiwa mbichi, ubonyeze shina kwa ukucha, kisha usubiri dakika chache. Palipobonyezwa huanza kuwa kijani hafifu, halafu buluu iliyoiva, kama mtu aliyegongwa mguu akavilia damu. Kundi lile lile la Jena lilieleza sababu mwaka 2019. Seli zikipasuka, kimeng'enya kimoja kinabandua fosfati na kuitoa silosini. Kimeng'enya cha pili, aina ya lakase, kinaunguza silosini hiyo kwa oksijeni ya hewa, na molekuli zinashikana moja na nyingine hadi zinakuwa rangi iliyo jamaa ya nili. Kwa hiyo buluu ni silosini iliyokwisha haribika. Ndani ya uyoga ule wenye silosibini, haikuambii kingine zaidi ya hapo.

Haikuambii kiasi kilichobaki, na kiasi hutofautiana vibaya. Uyoga wa spishi moja, kwenye rundo moja la samadi, unaweza kupishana mara kadhaa. Katika spishi zenye silosibini kwa jumla, gramu moja ya uyoga mkavu inaweza kuwa na chini ya miligramu moja, na nyingine ikawa na zaidi ya kumi. Kijana anayekuambia "nilikula vitatu kama mwenzangu" hajasema lolote kuhusu alichomeza. Tena upo uyoga wa kundi la boleti, ule wenye matundu madogo chini ya kofia, unaogeuka buluu ya kutisha ukikatwa. Buluu yake inatokana na rangi nyingine kabisa, kama asidi ya variegatiki, na haina uhusiano wowote na silosibini. Kubwa kuliko yote, rangi ya uyoga mmoja haimtolei ushahidi jirani yake ndani ya kikapu. Upo uyoga mdogo wa kahawia wa majenasi Galerina, Lepiota na Pholiotina wenye amatoksini. Anayeokota kwa pupa mchana wa mvua anaweza kuchanganya wa aina mbili ndani ya mfuko mmoja, akabonyeza ule wa buluu, akaridhika, akala yote.

Kupika hakusaidii. Silosibini inavumilia maji ya moto na inahamia kwenye mchuzi, kwa hiyo aliyekunywa supu tu naye ni mgonjwa. Amatoksini ndiyo haijali kabisa: chemsha, kaanga, kausha, iko pale pale. Na ile imani ya kuutia kijiko cha fedha au kitunguu sufuriani uone kama vitabadilika rangi imeua watu wengi wa nchi nyingi.

Uyoga mwekundu ni Amanita muscaria. Huku kwetu si mwenyeji. Unaishi kwa kushirikiana na mizizi ya misonobari, na umeletwa pamoja na miche ya mipaina. Kofia ni nyekundu ya kung'aa yenye vigaga vyeupe, matamvua ni meupe, shina lina pete, na chini lina uvimbe kama kitunguu. Mvua kubwa huosha vile vigaga na jua hufifisha wekundu hadi rangi ya chungwa, kwa hiyo msimtegemee mtu anayesema "ule niliokula haukuwa na madoa".

Ndani yake kuna asidi ya iboteniki, inayofanana na glutamati ya ubongo na hivyo inachochea. Ikipoteza kaboni dioksaidi inakuwa muskimoli, ambayo inafanana na GABA na hivyo inazimisha. Mabadiliko hayo hutokea uyoga ukikaushwa, na hutokea pia ndani ya mwili, ndiyo maana uyoga mkavu hauna upole kuliko mbichi. Ukiwa na kichocheo na kizimishi ndani ya mtu mmoja, unapata hasa ulichokiona: analala fofofo, anashtuka, anatupa mikono, anapiga kelele, analala tena. Misuli inacheza, miguu haishiki njia, ndoto ni nzito. Dalili huanza baada ya nusu saa hadi saa mbili, na zinaweza kuchukua saa 8 hadi 24 kuisha. Watoto wadogo wanaweza kupata degedege. Muskimoli hutoka kwenye mkojo ikiwa bado na nguvu, jambo lililojulikana zamani Siberia, ambako uyoga huu ulitumiwa na wenyeji na ambako wasafiri wa karne ya 18 waliandika kuhusu watu kuunywa mkojo wa aliyekwisha kula.

Kuna kosa moja kubwa la matibabu linalotokana na jina la uyoga huu. Mwaka 1869 Schmiedeberg na Koppe walitoa ndani yake kemikali wakaiita muskarini. Tangu hapo vitabu vingi vikaandika kwamba aliyekula Amanita muscaria apewe atropini. Kumbe muskarini iliyomo ni chembe tu, haitoshi kuleta dalili. Atropini kwa kijana wako wa tatu ingemwongezea kuchanganyikiwa na mapigo ya moyo. Muskarini ya kutosha kuumiza iko kwenye uyoga mwingine, wa jenasi Inocybe na baadhi ya Clitocybe, na mgonjwa wake hutampoteza machoni: ndani ya dakika 15 hadi saa mbili anatokwa jasho mwili mzima, mate na machozi yanamwagika, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, mapigo yamepungua, kifua kinakoroma maji. Huyo ndiye wa atropini, miligramu 1 kwenye mshipa kwa mtu mzima, mikrogramu 20 kwa kilo kwa mtoto, ikirudiwa kila dakika 5 hadi 10 mpaka kifua kikauke. Unafuata kifua. Ukubwa wa mboni usikuongoze hapa.

Wakiletwa wengine, basi, fanya hivi. Njia ya hewa na pumzi kwanza, kisha pima sukari, maana mtoto aliyeshuka sukari anaweweseka vilevile na hana haja ya uyoga. Kama anatapika au amelala, mlaze kwa ubavu wa kushoto. Usimtapishe kwa chumvi wala kidole, na usimpe maziwa. Mkaa wa dawa, gramu 50 kwa mtu mzima au gramu 1 kwa kilo kwa mtoto, una maana ndani ya saa moja tangu kula na kwa mtu aliye macho anayemeza mwenyewe. Ukiwa na wasiwasi wa amatoksini, utoe hata akichelewa, na urudiwe kila baada ya saa 4, kwa kuwa sumu hiyo hutolewa na ini kwenye nyongo, inarudi utumboni na kufyonzwa upya.

Kwa mgonjwa wa silosibini, chumba ni nusu ya tiba. Zima taa kali, toa umati wa ndugu mlangoni, achague mtu mmoja anayemwamini akae naye na kumwambia kwa sauti ya chini: umekula uyoga, hali hii itapita kabla ya jioni, mimi sitoki hapa. Usimfunge kamba. Mtu aliyefungwa akiwa anaona maruweruwe hupambana, joto linapanda, na misuli huvunjika hadi kuumiza figo. Hofu ikizidi, diazepamu miligramu 5 hadi 10 kwa mtu mzima. Haloperidoli isiwe ya kwanza. Mtoto mwenye homa au degedege hafai kubaki zahanati. Kwa degedege mpe diazepamu miligramu 0.5 kwa kilo kwa njia ya haja kubwa, au 0.2 hadi 0.3 kwa kilo polepole kwenye mshipa, kisha apelekwe.

Kwa mgonjwa wa uyoga mwekundu unaweza kutumia diazepamu hiyo hiyo akipata degedege au akitapatapa hadi kujiumiza, lakini kwa kiasi kidogo kidogo, na mtu akae anahesabu pumzi. Muskimoli na diazepamu zote zinafanya kazi kwenye kipokezi cha GABA-A, moja juu ya nyingine. Ukimpa miligramu 10 akiwa kwenye wimbi la kushtuka, dakika 20 baadaye wimbi la usingizi linamkuta na dawa tayari imo ndani.

Wa amatoksini ndiye asiyesubiri. Kuharisha na kutapika kulikoanza saa 6 au zaidi baada ya kula uyoga, kwa kawaida kati ya saa 6 na 24, kuchukulie kuwa ni amatoksini hadi maabara iseme vingine. Amatoksini inazuia kimeng'enya kinachonakili jeni ndani ya kiini cha seli, seli inashindwa kutengeneza protini, na ini ndilo la kwanza kulipa. Siku ya kwanza anaharisha maji kama mwenye kipindupindu. Siku ya pili anapata nafuu, anaomba chai, ndugu wanataka kumrudisha nyumbani. Nafuu hiyo ni ya uongo. Siku ya tatu hadi ya tano macho yanageuka manjano na damu inashindwa kuganda. Weka dripu, anza mkaa, mpeleke hospitali ya rufaa akiwa bado anatembea. Huko watapima vimeng'enya vya ini na muda wa kuganda kwa damu, na wataanza asetilisisteini kwa ratiba ile ile ya sumu ya parasetamoli, pamoja na silibinini kama ipo.

Hapa kuna mtego ambao saa peke yake haiukwepi. Mtu aliyekula mchanganyiko anaweza kupata dalili za mapema za uyoga mmoja na za kuchelewa za mwingine. Kwa hiyo hata kijana aliyecheka kwa saa tano akatulia, mwambie arudi baada ya saa 24 na tena baada ya 48. Kama una uwezo wa kupima ini, pima siku hizo mbili.

Kabla hujaamini kwamba ni uyoga, fikiria pia mnanaha, mmea wa jenasi Datura. Mbegu zake huliwa na vijana wale wale kwa sababu zile zile, na mboni hutanuka vilevile. Tofauti iko kwenye ngozi na kwenye akili. Aliyekula mnanaha ni mkavu: ulimi umekauka, kwapa hazina jasho, uso mwekundu, mwili wa moto, kibofu kimejaa na hakojoi. Anaongea na watu wasiokuwepo na hajui kwamba hawapo, anachuma hewani vitu visivyoonekana. Wa silosibini anakwambia "naona ukuta unapumua". Wa mnanaha anamjibu shangazi aliyefariki. Pitisha kiganja kwapani, ni kipimo kisicho na gharama.

Kuhusu sampuli: mabaki yote, maganda, hata vipande vilivyotoka kwenye matapishi, yaweke kwenye mfuko wa karatasi au gazeti. Nailoni inatoa jasho na kesho yake una uji mweusi. Kila aina iwe na kifungashio chake. Kofia moja iweke imeinama juu ya karatasi yenye nusu nyeupe nusu nyeusi, ifunike kwa glasi usiku mmoja, asubuhi uone rangi ya unga wa spora. Mweupe unakutia wasiwasi wa Amanita na Lepiota, wa kahawia ya kutu unakutia wasiwasi wa Galerina, na wa kijani ni Chlorophyllum molybdites, ule mkubwa mweupe wa kwenye majani unaotapisha vibaya ndani ya saa chache. Unga huo unamsaidia mtaalamu kupunguza orodha. Hautoshi kumruhusu mtu ale. Sampuli ya mkojo igandishwe mapema, maana silosini hutoweka kwa siku moja hivi, na vile vijiti vya kupimia dawa za kulevya mara nyingi haviioni. Kwa Tanzania, vielelezo hivi huenda maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kupitia hospitali ya wilaya.

Mtaani kuna pia kile kipimo cha gazeti na asidi ya hidrokloriki: unakamua uyoga kwenye karatasi ya gazeti, unadondoshea asidi, ikitokea buluu wanasema ni amatoksini. Silosini yenyewe inaweza kuleta buluu hiyo ya uongo, na karatasi isiyo ya aina inayotakiwa inaweza isionyeshe kitu hata sumu ikiwemo. Kiacheni.

Vijana wako wako karibu na ukweli kuhusu LSD, ila wameurahisisha. Kuvu anayehusika si uyoga wa kofia na shina. Anaitwa Claviceps purpurea, anashambulia rai, nafaka ya Ulaya iliyo jamaa ya ngano, na penye punje anaotesha kipembe cheusi chenye alkaloidi. LSD haimo ndani ya kipembe. Albert Hofmann wa kampuni ya Sandoz, mjini Basel, aliitengeneza maabara mwaka 1938 kutokana na asidi ya lisejiki, ambayo ndiyo mfupa wa alkaloidi hizo, na athari yake kwa akili ikagundulika mwaka 1943. Kilichomo kwenye nafaka yenyewe huleta balaa nyingine. Mishipa ya damu inajikaza hadi vidole vinakauka na kuwa vyeusi, au mtu anapata degedege na maruweruwe. Ulaya ya kale iliuita ugonjwa huu moto wa Mtakatifu Antoni. Na si habari ya kale tu: Ethiopia ilipata mlipuko huko Wollo mwaka 1977 na 1978, na mwingine Arsi mwaka 2001, watu wakapoteza vidole na miguu.

Wakulima wa mtama wanamjua ndugu yake. Claviceps africana anaingia kwenye ua la mtama kabla halijapata mbegu, na suke linaanza kudondosha utomvu mtamu unaonata vidoleni na kuacha madoa meupe kwenye majani na udongo. Alkaloidi yake kuu ni dihidroegosini, na Australia, alikofika mwaka 1996, ilikausha maziwa ya nguruwe na ng'ombe waliolishwa nafaka hiyo. Kwa uwele yuko Claviceps fusiformis, aliyewahi kuleta kutapika, kizunguzungu na usingizi vijijini India. Ukipata familia nzima inayotapika na kusinzia baada ya uji wa mavuno mapya, uliza nafaka kabla ya kuuliza uyoga. Dawa ni kupepeta na kuelesha: vipembe huelea kwenye maji ya chumvi nyingi, punje nzima huzama.

Kuvu kwa jumla ni wakemia wa ajabu. Mwaka 2019 iligundulika kwamba Massospora, kuvu anayekula matumbo ya nyenje wa miti huko Marekani wakiwa hai, katika spishi moja anatengeneza kathinoni, ile ile ya kwenye mirungi, na katika nyingine anatengeneza silosibini. Nyenje aliyepoteza nusu ya mwili anaendelea kuruka na kutafuta wa kujamiiana naye, akimwaga spora njia nzima.

Na je, ni dawa? Silosibini ilitumika kutibu kabla ya hospitali kuisikia. Wamazateki wa Huautla de Jiménez, jimbo la Oaxaca nchini Mexico, waliula uyoga huu usiku, mbele ya mganga, kwa ajili ya mgonjwa. Mmarekani Gordon Wasson alihudhuria ibada hiyo huko kwa mganga María Sabina mwaka 1955, mtaalamu wa kuvu Roger Heim akaukuza uyoga Paris, na Hofmann akatoa silosibini safi mwaka 1958. Karibu nasi, Psilocybe maluti wa Lesotho na Afrika Kusini unatumiwa na waganga wa Kisotho. Kwa hospitali, jaribio lililochapishwa Novemba 2022 liliwapa watu 233 wenye sonona iliyokataa dawa miligramu 1, 10 au 25 za silosibini iliyotengenezwa maabara. Wa miligramu 25 walipata nafuu zaidi baada ya wiki tatu, ingawa si wote, na mawazo ya kujidhuru yalionekana katika makundi yote matatu. Australia iliruhusu madaktari wa akili wenye kibali kuitoa kuanzia Julai 2023.

Waambie vijana kilichokuwemo ndani ya majaribio hayo, kwa kuwa video hazikionyeshi. Kidonge chenye kipimo kinachojulikana, mtaalamu anayekaa na mgonjwa saa 6 hadi 8, vikao kabla na baada. Wenye skizofrenia au baipola, au ndugu wa karibu mwenye magonjwa hayo, waliondolewa mlangoni, kwa sababu silosibini inaweza kumwamshia mtu wa aina hiyo ugonjwa wa akili usioisha hata uyoga ukishatoka mwilini. Watumiaji wa lithiamu wamewahi kupata degedege. Dawa za sonona za kundi la fluoksetini mara nyingi huipunguza nguvu, na hapo kijana huongeza uyoga. Mwulize kila mmoja wao anameza nini, hata kama ana miaka 17.

Kisheria, silosibini na silosini zimo katika Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971. Tanzania ina Sheria Na. 5 ya 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya, na Kenya ina sheria yake ya 1994. Ndugu wanalijua hilo kwa mbali, na wakiogopa polisi wanaficha, na kitu cha kwanza wanachoficha ni saa ya kula. Waambie mapema kwamba unauliza kwa ajili ya ini. Usiulize "alikula lini". Uliza alikula kabla au baada ya kuswaga ng'ombe, kabla au baada ya shule kufunga, na kilikuwa chakula cha mchana au cha usiku.

Kisha andika jibu kwa saa 24 za hospitali. "Alikula saa 2, alianza kutapika saa 8" ni hesabu ya Kiswahili inayosema saa sita zimepita. Muuguzi wa zamu ya usiku akisoma "saa 2" kwa hesabu ya Kizungu, yaani 14:00, na "saa 8" kwa hesabu ya Kiswahili, yaani saa 8 mchana, ambayo pia ni 14:00, ataona mtu aliyetapika papo hapo, na atamruhusu aende nyumbani. Andika 08:00 na 14:00.